Majani Si ya Mbuzi Peke Yake

Kila mwaka kurasa za chama chetu hujaa makala kuhusu nidhamu, mihadarati, ndoa za mapema na mbinu za kufaulu mtihani. Hayo ni mambo ya maana, wala siyapingi. Hata hivyo, mwaka huu nimeomba nafasi nizungumzie sufuria. Naam, sufuria! Ile ile iliyoko jikoni kwenu, ambayo sote huikodolea macho saa ya chakula lakini hakuna anayeijadili.

Nitataja maoni yangu mapema, ili anayetaka kugombana nami ajue tunagombania nini. Hapa kwetu Diff, sufuria ya nyama peke yake haitutoshi tena, na sufuria ya wali mtupu siku nyama ikikosekana haitutoshi kabisa. Yafaa nyama ipikwe pamoja na mboga za msimu. Isitoshe, mboga hizo tuzipande wenyewe mvua inaponyesha na tuzikaushe wenyewe kama vile mama zetu wanavyoikausha nyama.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kucheka. "Majani? Majani ni ya mbuzi, bwana!" Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni. Nimeyasikia sokoni, nimeyasikia nyumbani, na hata bwenini nimeyasikia. Nilikuwa nikiyasema mimi mwenyewe. Hebu basi niwaeleze kilichonifanya niache kuyasema.

Mnakumbuka ukame ule ulioanza mwishoni mwa mwaka wa 2020. Misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Katika nchi yetu ya Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili walikufa, na sisi wa Kaskazini Mashariki tulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Mbuzi wa baba yangu walikufa mmoja mmoja, kisha wakawa wanakufa watano watano. Ngamia waliobaki walipelekwa mbali sana kutafuta malisho. Sisi watoto, mama na nyanya yangu, ambaye twamwita ayeyo, tukabaki hapa mjini tukiishi kwa kununua chakula dukani.

Mwaka wa 2022 mdogo wangu wa mwisho alikuwa na umri wa miaka minne. Alikuwa mtoto mwepesi kama swara. Ghafla akaanza kuwa na tabia moja ya ajabu. Mchana alicheza na wenzake vizuri, lakini magharibi ikiingia alikuwa akiganda pale alipo kama aliyefungwa kamba. Ukimwambia, "Lete kikombe," alipapasa chini kama kipofu. Siku moja aliikanyaga birika ya chai ikamwagika yote, nami nikamchapa kofi. Wallahi, kofi lile lingali linaniuma mimi mpaka leo, maana mtoto hakuwa mtundu. Mtoto hakuwa anaona.

Mama alimpeleka kwa muuguzi. Muuguzi hakuanza na dawa bali alianza na swali. "Mama, mtoto huyu anakula nini?" Mama akajibu bila kuficha kwamba asubuhi ni anjera na chai, mchana ni wali, usiku ni pasta au wali uliobaki. "Maziwa je?" Hakuna, wanyama wako mbali. "Nyama?" Mara moja kwa juma, mambo yakiwa mazuri. "Mboga?" Mama akanyamaza.

Tukaelezwa kwamba ugonjwa ule wa kutoona gizani hutokana na upungufu wa vitamini A mwilini, na usipotibiwa mapema waweza kumwacha mtoto kipofu kabisa. Mdogo wangu akapewa matone ya vitamini hiyo, yale yale ambayo watoto wote wa Kenya walio na miezi 6 hadi wasiotimiza miaka 5 hupaswa kupewa kila miezi sita. Aidha, mama akaambiwa amtafutie mtoto mboga za kijani kibichi.

Tulipofika nyumbani na habari hizo, ayeyo alikasirika. Ninyi nyote mnajua kwamba Kiswahili chetu cha Kenya kina nyanya wa aina mbili, nyanya aliyemzaa mama yako na nyanya ya kupikia. Basi siku hiyo ikawa ni nyanya dhidi ya nyanya.

"Mimi nimelea watoto wanane," akasema ayeyo, "na hakuna hata mmoja aliyeonja jani. Wote waliona usiku kama chui. Leo mnaniambia mjukuu wangu ale kama mbuzi?"

Sikumjibu, kwa sababu mtu hamjibu nyanya yake ovyo. Lakini swali lake lilinikaa kichwani kama mwiba wa mgunga. Ni kweli, watoto wake wanane walikuwa wazima. Walikula nini? Siku nyingine, alipokuwa ametulia, nikamwuliza. Akanieleza kwa furaha maana wazee hupenda kuulizwa ya zamani. Walikunywa maziwa asubuhi, wakanywa maziwa jioni. Walikuwa na maziwa ya ngamia, ya ng'ombe na ya mbuzi, na samli waliyoitengeneza wenyewe. Mnyama akichinjwa, maini yake waliyagawa, hayakutupwa wala kuuzwa. Watoto waliochunga walikula makunazi na matunda mengine ya mwituni mchana kutwa.

Hapo nikaelewa jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Wazee wetu hawakuwa wajinga hata kidogo. Vitamini A ambayo mwenye shamba huipata katika mchicha, wao waliipata katika maziwa, samli na maini. Vitamini C ambayo wengine huitafuta kwenye machungwa, wao waliipata katika matunda ya mwituni na katika maziwa ya ngamia, ambayo yana vitamini hiyo kwa wingi kuliko maziwa ya ng'ombe. Kwa hiyo ayeyo alikuwa na haki kusema hakuhitaji majani. Mbuzi waliyala majani, naye akayanywa majani yale yale yakiwa yamegeuka maziwa!

Tatizo ni kwamba sisi tumebaki na methali bila maziwa. Twaendelea kusema majani ni ya mbuzi, ilhali mbuzi wenyewe hawapo. Familia nyingi siku hizi zinaishi mjini na wanyama wako mbali, au hawako kabisa. Ifikapo Jilaal, kile kiangazi kikali cha Januari hadi Machi, maziwa ndiyo ya kwanza kutoweka. Yanapotoweka, mahali pake huja nini? Huja mchele, unga wa ngano, pasta, sukari na mafuta ya kopo. Vyote hivyo vyashibisha tumbo, sikatai. Lakini kushiba si kulishwa.

Msomaji mpendwa, huenda ukaniambia kwamba mwacha mila ni mtumwa, na kwamba nataka tuache chakula chetu tule cha watu wa bara. Nakujibu kwa heshima. Hebu tuitazame hiyo mila yenyewe.

Pasta tunayoipenda hivi, ambayo hata mtoto mchanga hapa Diff anaijua, ni mila ya nani? Hiyo ilikuja na Waitalia walioitawala Somalia ya kusini. Hata Jubaland, nchi iliyo ng'ambo ya mpaka huu wetu, zamani ilikuwa sehemu ya Kenya hadi ilipokabidhiwa Italia mwaka wa 1925. Wazee waliionja pasta, wakaipenda, wakaifanya yao. Hakuna aliyewaita watumwa.

Na chai je? Jamani, chai ni nini? Ni majani! Ni majani makavu yanayotoka Kericho na Nandi na kwingineko milimani, nasi twayanywa asubuhi, saa nne, alasiri na usiku. Na miraa wanayotafuna baadhi ya wazee wetu kutoka adhuhuri hadi usiku wa manane, wazee waniwie radhi, hiyo nayo ni nini? Ni matawi na majani ya kutoka Meru. Kama majani ni ya mbuzi, basi sisi tumekuwa mbuzi siku nyingi. Ila tumechagua majani yasiyotulisha.

Isitoshe, kupika nyama na mboga si jambo geni katika jikoni za Wasomali. Suqaar ni nini kama si nyama iliyokatwakatwa vidogo na kupikwa na vitunguu, nyanya, pilipili hoho, karoti au viazi? Hicho ni chakula cha harusi, ni chakula cha mgeni wa heshima. Mgeni akija tunampa nyama yenye mboga, na akiondoka tunarudi kwenye wali mtupu na kusema mboga ni za mbuzi. Ajabu ya Musa!

Sasa nigeukie upande wa nyama, nisije nikaonekana kama mtu aliyekodiwa na wauza kabeji. Mimi naipenda nyama. Sijui Msomali asiyeipenda. Lakini nyama peke yake ni mwamba mwembamba wa kusimamia. Ukame ukija, mifugo hukonda na bei ya nyama hupanda. Mvua nayo ikizidi, huja maradhi. Wazazi wetu wanaikumbuka homa ya Bonde la Ufa iliyoingia Garissa na sehemu nyingine za Kaskazini Mashariki mwishoni mwa mwaka wa 2006, baada ya mvua kubwa. Watu zaidi ya 150 walifariki nchini Kenya. Uchinjaji wa mifugo ukapigwa marufuku na masoko ya mifugo yakafungwa. Homa hiyo hiyo ilikuwa imetutembelea tena baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Nyumba isiyojua kupika kitu kingine ila nyama, siku kama hizo ilikula nini?

"Basi tutanunua mboga," utasema. Tutanunua wapi? Mboga nyingi zinazofika hapa husafiri kwa lori kutoka mbali, nyingine kutoka mashamba ya kando ya mto Tana pale Garissa, nyingine kutoka milimani Meru. Zikifika Diff, sukuma wiki imekuwa ya manjano kama karatasi ya zamani na nyanya zimejaa michubuko. Tena barabara yenyewe haina dhamana. Mnamo Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara kati ya Garissa na Madogo hata watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Lori la kabeji haliogelei.

Kwa hivyo twarudi pale pale. Mboga ya kututegemeza ni ile inayoota hapa, katika msimu wake, karibu na mlango. Na mboga hiyo ninaijua jina. Inaitwa kunde.

Nasema kunde kwa sababu tatu. Kwanza, kunde huvumilia ukame kuliko mboga nyingi. Pili, ina mavuno mawili. Wiki chache tu baada ya kupanda waanza kuchuma majani, na baadaye wavuna mbegu ambazo zaweza kuchemshwa kama maharagwe. Tatu, kunde hurutubisha udongo badala ya kuuchosha. Mwalimu wa Kilimo atawaeleza habari za vijidudu vilivyo katika vinundu vya mizizi yake, ambavyo huinasa naitrojeni ya hewani.

Mvua za Deyr za mwisho wa 2023 ziliponyesha kwa wingi, mama alinunua kunde za kula sokoni, akazichagua zilizo nzima, tukazipanda nyuma ya nyumba. Zikaota vizuri ajabu. Siku ya tisa mbuzi wa jirani akaingia akazila zote, hakubakisha hata kikonyo. Baba akacheka hadi akatoa machozi. "Binti yangu," akaniambia, "si nilikuambia wenyewe ni akina nani?"

Tukapanda tena. Mara hii tulizungusha ua wa miiba kama ule wa zizi. Ilikuwa ajabu kidogo, maana sisi tumezoea kuzungushia miiba ili mbuzi wasitoke, na sasa twazungusha ili wasiingie. Baada ya mwezi mmoja hivi tukachuma majani ya kwanza.

Mama hakutangaza chochote. Alichukua robo kilo ya nyama ya mbuzi yenye mafuta kidogo, nyama ambayo kwa kawaida ingewatosha watu watatu. Akaikata vidogo vidogo kama ya suqaar. Akaikaanga katika mafuta yake yenyewe hadi ikawa rangi ya kahawia, akatia kitunguu, akatia nyanya mbili na chumvi. Kando alikuwa ameosha majani machanga ya kunde, akayakata na kuyatia humo na maji kidogo, akafunika sufuria kwa muda wa dakika kumi hivi. Hakumwaga maji ya kupikia kwa sababu utamu na virutubisho vimo humo. Mwisho akakamulia ndimu. Chakula kikapakuliwa juu ya wali, tukala watu wanane.

Baba alikula kimya. Alipomaliza akanawa mikono, akasema, "Leo nyama ilikuwa nyingi." Mama akaniangalia, nami nikaangalia chini nisije nikacheka. Robo kilo ile ile! Mboga ilikuwa imeichukua ladha ya nyama na kuieneza sufuria nzima.

Hapa ninataka kuwaeleza siri iliyo katika sufuria ile, kwa sababu si ladha tu. Vitamini A ya majani huhitaji mafuta ili iingie mwilini, na mafuta ya nyama yako hapo hapo. Madini ya chuma yaliyo katika majani huingia mwilini kwa shida, lakini yakiliwa pamoja na nyama huingia kwa urahisi zaidi. Ndimu nayo husaidia kwa vitamini C yake. Chai ndiyo hufanya kinyume. Ikinywewa pamoja na chakula, huyazuia madini hayo. Wasichana wenzangu, hili latuhusu sisi hasa, maana sisi hupoteza damu kila mwezi na kesho tutakuwa akina mama. Ukila, ngoja kama saa moja kabla ya kunywa chai. Najua nimesema jambo gumu! Kumwambia mtu wa Diff angoje chai ni kama kumwambia samaki angoje maji.

Sasa nije kwenye jambo la mwisho, nalo ndilo kubwa. Mvua haidumu. Gu hupita, Deyr hupita, na kunde hukauka. Tutafanya nini katika Jilaal?

Jibu tunalo majumbani mwetu, linaitwa nyirinyiri. Mnajua mama zetu wanavyofanya. Nyama ya ngamia hukatwa vipande virefu kama kamba na kuanikwa hadi ikauke. Kisha hukatwa vidogo vidogo na kukaangwa kwa mafuta au samli, ikatiwa hiliki, ikahifadhiwa chomboni huku imefunikwa na mafuta yake. Hukaa miezi kadhaa bila friji wala barafu. Hiyo ni elimu kubwa iliyovumbuliwa na watu wa nchi kavu ili neema ya leo iwafae kesho. Akiba haiozi!

Kama twaweza kuihifadhi nyama, kitu kinachooza kwa siku moja, je, tutashindwa na majani? Wagogo wa Dodoma, Tanzania, ambao nchi yao ni kavu pia, hukausha mlenda na kuutumia wakati wa kiangazi. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki majani ya kunde hukaushwa vivyo hivyo.

Sisi tulijaribu. Mara ya kwanza niliyatandaza majani juu ya bati la nyumba kwenye jua kali. Lo! Yalikauka kwa siku moja, lakini yalipauka kama majani ya chai yaliyokwisha kunywewa, yakanuka vumbi. Baadaye nikajifunza kwamba jua kali huiharibu vitamini A. Mara ya pili niliyachovya kwanza katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, nikayachuja, nikayatandaza juu ya shuka safi kivulini penye upepo, na kuyafunika kwa chandarua cha zamani kuzuia nzi. Kila baada ya muda niliyageuza. Yalipokuwa yakivunjika mkononi, nikayatia katika mkebe mkavu wenye kifuniko.

Sitawadanganya. Mkebe wetu ulikuwa mdogo, na uliisha kabla ya Ramadhani ya Machi 2024. Lakini majuma yale machache ya Jilaal tulikula nyirinyiri iliyopikwa pamoja na kunde kavu zilizorowekwa, na aliyeomba aongezewe alikuwa ayeyo. Hakusema kitu kuhusu mbuzi. Alisema tu kwamba mwaka ujao mkebe uwe mkubwa.

Mdogo wangu je? Anaona. Magharibi sasa yeye ndiye anayetumwa dukani. Sisemi ni kunde zilizomponya, kwa maana matone ya muuguzi ndiyo yaliyotangulia. Ila matone ni ya kumwokoa mtoto, na chakula ndicho cha kumtunza. Kinga ni bora kuliko tiba.

Najua mnauliza juu ya maji. Ni swali la haki. Hapa kwetu maji ni kama dhahabu, na sina haja ya kumfundisha mtu yeyote hilo. Lakini hebu tufikirie. Sisi hutawadha mara tano kwa siku. Maji ya udhu hayana sabuni wala mafuta, na yote huishia mchangani. Gunia moja la mboga lililowekwa pale watu wanapotawadhia lingeyanywa maji hayo. Katika kambi za Dadaab, ambazo zilianza 1991, watu wasio na ardhi walipanda mboga ndani ya magunia. Gunia hujazwa udongo na samadi, katikati huwekwa mawe ili maji yapenye, na pembeni hutobolewa matundu ya kupandia miche. Samadi je, tutaikosa? Hapo ndipo mbuzi anapoingia kwa haki yake!

Kwa hivyo ninatoa ombi kwa shule yetu. Uongozi uturuhusu sisi wanachama, pamoja na vyama vingine, tuweke magunia kumi kando ya mahali tunapotawadhia. Tupande kunde na mchicha mvua zinapoanza. Hatutaweza kuilisha shule nzima, hilo najua hesabu yake. Shirika la Afya Duniani lashauri gramu 400 za mboga na matunda kwa mtu kila siku, na magunia kumi hayafiki popote karibu na hapo. Lakini kila mwanafunzi atakayejua kupanda, kupika na kukausha atarudi kwao likizoni na ujuzi huo, na haba na haba hujaza kibaba.

Kwa wavulana nina neno. Msiseme jikoni si kwenu. Atakayekuwa na wanyama mbali malishoni, huku watoto wake wako mjini bila maziwa, ni wewe. Swali la muuguzi litakuja kwako pia: "Mtoto huyu anakula nini?" Afadhali uwe na jibu.

Na kwa wale watakaoendelea kunicheka kwamba nala chakula cha mbuzi, sina ubaya nao. Nawakaribisha kwetu siku moja baada ya mvua. Mtakula kwanza, kisha tutabishana mkishashiba. Nafasi niliyopewa imekwisha. Wasalaam.